Nimlipe kijana 300,000 kwa mwezi anipostie nguo, ama hiyo pesa niweke kwa mashine ya ovaloki?

Mama_Cherehani

Habari zenu wote. Naomba ushauri na tafadhali msinicheke. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kansanga, Kampala, nina kibanda kimoja na cherehani tatu, mbili za kukanyaga moja ya umeme, na wasichana wawili wananisaidia. Nashona vitenge, magauni ya kanisa, gomesi (yale magauni ya kienyeji ya Kiganda) moja moja, na shule zikifungua zile yunifomu ndizo zinanibeba. Wateja wangu ni watu wa hapa hapa, Wakongo wengi, wanafunzi wa chuo, akina mama wa kanisa. Kazi iko lakini inapanda na kushuka, kuna wiki nalala saa saba usiku nikimalizia nguo za kwanjula ya mtu (ile sherehe ya kutambulishana familia kabla ya harusi) na kuna wiki tunakaa tunakula njugu tunaangalia boda zikipita.

Sasa mtoto wa dada yangu kaniletea rafiki yake, kijana mzuri tu ana heshima, anasema ataniendeshea TikTok, Instagram na Facebook, video kila siku, nimpe 300,000 kwa mwezi na data nimnunulie mimi. Ananiambia mama siku hizi duka ambalo haliko kwa simu ni kama halipo. Nikamuuliza basi nitapata wateja wangapi, akasema hiyo haihesabiki. Mimi nahesabu mpaka vifungo vya shati, hiyo ya kutohesabika imenikosesha usingizi.

Halafu kuna mtu ananiuzia ovaloki ya mtumba, ile mashine ya kufunga kingo za nguo zisifumuke, 900,000, yaani ni miezi mitatu ya huyo kijana. Saa hizi nguo napeleka kwa jirani kupigwa ovaloki, anachukua 1,500 kwa kila moja na akiwa na kazi zake anazikalia siku mbili.

Kuna mtu hapa mwenye biashara ndogo ambaye mitandao imemletea pesa? Sio laiki, pesa ya kununua unga wa posho. Na kama ilikuletea ulifanyaje.

viatu_vya_owino

Nyabo usimlipe, ngoja kwanza nikuambie mimi ninavyofanya halafu utaamua. Nauza viatu vya mtumba soko la Owino mwaka wa sita huu. TikTok sina, Instagram nilifungua nikasahau paswadi. Kila kitu changu kiko kwa stetasi ya WhatsApp na ndiyo inanilisha.

Siku ya kufungua belo nafika saa kumi na mbili asubuhi, navichambua, vile vizuri navifuta na kitambaa chenye mafuta kidogo, naviweka juu ya gunia safi, napiga picha moja moja. Juu ya picha naandika namba ya kiatu na bei, mfano 42, 65,000. Basi. Sio "njoo inboksi", sio mashairi. Ikifika saa nne vile vya kwanza vimeisha na mimi bado sijanywa chai. Stetasi inafutika baada ya saa 24, sasa wateja wameshazoea kwamba ukisema utaangalia kesho hutakuta kitu.

Lakini hapa ndipo watu wengi wanakosea, sikiliza vizuri. Stetasi yako mtu haioni kama hajasevu namba yako, hata kama wewe umesevu ya kwake. Lazima wote wawili muwe mmeseviana. Kwa hiyo mteja akinunua kwangu simwachi aondoke, namwambia bosi toa simu niandike "Viatu Owino" nione kabisa imeingia. Wengine wanacheka lakini wanafanya. Nilianza na watu 30 sasa wanaoangalia ni mia tatu na kitu, na hao sio mafolowa wa kuokota, ni watu ambao miguu yao naijua.

Gharama yangu ni data ya 2,000 kwa siku, ambayo ningeinunua tu hata bila biashara.

KijanaWaDigito

Mimi ndio kazi yangu hiyo ya kuendesha kurasa za watu kwa hiyo najua mtaniona navuta kwangu, sawa.

Kwanza mama, 300,000 sio bei ya wizi. Kuja dukani, kurekodi, kukata video, kuandika, kujibu watu saa tano usiku wanauliza "bei?" kila siku ya Mungu, ukigawanya ni 10,000 kwa siku. Msimdharau kijana.

Pili, alivyosema haihesabiki amekudanganya au hajui kazi. Inahesabika. Unaweka daftari pale dukani, kila mteja mpya unamuuliza umetujuaje, unaandika. Mwisho wa mwezi unajua video zimeleta wangapi, kanisa limeleta wangapi, na kibao cha nje kimeleta wangapi. Mtu anayekataa kuhesabiwa usimpe hata elfu kumi.

Tatu, muulize hiyo Facebook anaiingiza vipi kwenye hesabu. Facebook hapa kwetu Uganda imefungwa tangu Januari 2021, ile wiki ya uchaguzi, na mpaka leo bila VPN, ile app ya kuficha uko nchi gani, haifunguki. Wapo Waganda wengi bado wanaitumia, mimi mmoja wao, lakini ukilipia tangazo ukaliambia lionyeshwe kwa watu wa Kampala, mteja wako wa Kabalagala amewasha VPN na simu yake inasoma kama yuko Uholanzi. Sasa tangazo linamtafutia wapi? Kwa duka la mtaani kama lako Facebook mimi ningeiacha. Labda uwe unauzia watu wa nje au Kenya huko. Instagram, TikTok na WhatsApp zinafunguka bila VPN, hizo sawa.

Na kuna kitu cha bure ambacho hakuna mtu anawaambia mafundi: weka kibanda chako kwenye Google Maps. Jina, namba ya simu, saa za kufungua, picha nne tano. Wanafunzi wanaokuja Kansanga mwezi wa nane hawamjui mtu, wanaandika tu fundi nguo karibu. Ukiwa pale wanakuja na miguu yao.

keki_za_jinja

Banange ngoja nitoe yangu ya moyoni. Mimi natengeneza keki Jinja. Mwaka jana nikaposti TikTok keki ya ghorofa tatu naipaka krimu, ile sehemu unazungusha meza na kisu kinalainisha pembeni taratibu, sijui watu waliona nini pale, video ikafika watu elfu themanini. ELFU THEMANINI. Sikulala. Simu ikawa moto kama pasi. Nikamwambia mume wangu tutafute chumba kikubwa.

Unajua niliuza keki ngapi? Mbili. Wengine wote walikuwa Mombasa, Dar, Goma, mmoja yuko Oman anasema dada hongera. Keki haipandi basi kwenda Goma mama. Nilikaa siku tatu najibu watu ambao hata wangetaka kunipa pesa hawawezi, na mteja wangu wa kila mwaka hapa hapa Walukuba alinitumia meseji ya bethdei ya mtoto wake ikazama katikati ya hizo, nikaiona jumatatu. Bethdei ilikuwa jumamosi. Huyo hajarudi mpaka leo na ninampitia njiani ananisalimu vizuri tu, ndio inauma zaidi.

Sasa hivi naposti lakini maneno ya kwanza kwenye video ni JINJA. Kabla ya jina langu, kabla ya keki. Na laini ya oda ni nyingine kabisa haiko TikTok.

welda_katwe

Huyo dada wa keki pole lakini mimi yangu ni kinyume kwa hiyo sio watu wote. Sisi tunachomelea mageti na madirisha hapa Katwe. Mdogo wangu alirekodi siku moja nakata bati kwa grainda cheche zinaruka, halafu akarekodi lile geti likiwa limepakwa rangi limesimama. Hakuna muziki hakuna nini. Watu waliangalia kama elfu mbili tu. Mmoja wao ni Mganda yuko Marekani anajenga Gayaza, akanipigia kwa WhatsApp tukaongea karibu saa nzima, akatuma kaka yake kuja kuona kama kweli tupo maana ameshaliwa pesa mara mbili. Kaka akaja, akagonga chuma na ngumi, akauliza hii geji ngapi, akaondoka. Baada ya siku tatu nusu ya pesa ikaingia. Geti la milioni 2.8, halafu madirisha yote ya nyumba, halafu jirani yake.

Mtu mmoja tu. Lakini geti moja linalipa data ya miaka. Wewe mama gauni lako ni shilingi ngapi? Kama ni elfu hamsini faida inabaki elfu ishirini hivi, basi kumlipa huyo kijana 300,000 inabidi akuletee watu kumi na tano WAPYA kila mwezi ndio mtoke sawa, wewe hapo hujala bado. Na wasichana wako wawili watazishona saa ngapi ukiwa na ovaloki ya jirani? Hiyo ndiyo hesabu ninayoiona mimi.

KijanaWaDigito

@welda_katwe hesabu yako nzuri ila mteja wa nguo anarudi, geti mtu ananunua mara moja. Mtu akipenda mshono wa mama atakuja krismasi, pasaka, harusi ya dada yake. Usihesabu gauni moja.

welda_katwe

Sawa hapo umesema. Lakini anarudi kwa sababu ya mshono sio kwa sababu ya video.

sindano_na_uzi

Mimi pia fundi, Mbarara. Mama naomba usikilize hii kabla hujampa kijana yeyote ruhusa ya kupiga picha dukani kwako.

Nilishona nguo ya bibi harusi ya kubadilisha kwenye kwanjula, rangi ya maji ya bahari, shanga nimeshona kwa mkono wiki mbili, vidole vimetoboka. Msichana ninayemtegemea akaivalisha ile sanamu akapiga picha, akaweka stetasi ya duka jioni ya alhamisi "tunamsubiri bibi yetu". Kwanjula jumamosi. Shangazi wa bwana harusi alikuwa kwenye namba zetu. Kufika ijumaa asubuhi familia yote ya kule imeshaiona nguo, hata wameijadili kama ni ghali. Bibi harusi alikuja dukani hakupiga kelele, alikaa kwenye kiti akalia tu, mimi nikakosa pa kuweka mikono. Nililazimika kushona nyingine usiku kucha kwa kitenge changu mwenyewe, na ile ya shanga mpaka leo inaning'inia hapa dukani, kila mtu anauliza bei nasema imeshauzwa.

Tangu hapo, nguo ya mtu haipostiwi mpaka imeshavaliwa na mwenyewe amekubali. Na vipimo na sura za watu ni mali yao, tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, mtu akiamua kukushika kwa hiyo anaweza. Ila mimi sio sheria ninayoogopa, ni yule dada kwenye kiti.

mzee_wa_mpondwe

Vijana nawasoma. Mimi nauza vitenge hapa Mpondwe, mpakani na Kongo, navitoa ng'ambo nauza jumla, watu wa Kasese na Fort Portal wananijua, Kampala pia wapo. Hayo mambo ya simu nayatumia, sikatai. Lakini mnasahau haraka.

Uchaguzi wa 2016 walifunga mitandao na momo (pesa za simu) pamoja, mzigo wangu umeshafika na mtu hawezi kunitumia pesa. Miaka miwili baadaye ikaja ile kodi ya 200 kwa siku ya kuingia WhatsApp, Julai 2018, wateja wangu wa vijijini wakapotea kama umande, mtu ananunua kitenge cha jora moja kwa mwezi hawezi kulipa 200 kila siku aangalie picha. Mnakumbuka wote tulivyojifunza VPN. Kodi ikatoka 2021 wakaweka 12% kwenye data yenyewe, kwa hiyo tunalipa tu ila haionekani. Na mwaka huo huo Januari intaneti nzima ikazimwa karibu siku tano. Nzima. Sio Facebook peke yake.

Siku zile tano nani aliuza? Mimi niliuza. Kwa sababu nina daftari, kubwa lile la kaunta, namba zote za wateja zimeandikwa kwa kalamu, nikawa nawapigia simu ya kawaida mmoja mmoja. Huyo wa viatu mwenye watu mia tatu, simu yako ikianguka kwenye choo cha Owino leo utawapata wapi?

viatu_vya_owino

Mzee shikamoo 😂 umenipiga mahali pabaya. Leo leo nanunua daftari.

mama_brenda_ntinda

Mimi sio wa biashara, ni mnunuzi tu, naomba niseme upande wetu. Vitu vinavyonifanya nisinunue: mtu kuandika "bei inboksi", nikiingia inboksi ananijibu kesho yake, akijibu ananiuliza "wewe una ngapi". Nyingine, picha za kuiba. Niliagiza gauni kwa ukurasa mmoja una mafolowa mengi kweli, picha ilikuwa ya mwanamitindo wa Nigeria huko, iliyokuja nikaipa mtoto acheze nayo. Tangu siku hiyo nikiona nguo nzuri kupita kiasi na nyuma yake hakuna ukuta wa Uganda siamini.

Mimi fundi wangu ananitumia video ya sekunde kumi, upande wa ndani wa nguo, bitana na zipu na mahali pa kuunganisha. Ndani! Nikiona ndani pasafi natuma pesa.

viatu_vya_owino

Na ukituma pesa mama, muuzaji asiangalie meseji, aangalie salio. Mimi nimeshaletewa meseji ya momo ya kughushi, iko vile vile kabisa na jina la mtu, boda ameshaondoka na viatu pea mbili, kuangalia salio hakuna kitu. Mama Cherehani hii uiweke kichwani ukianza kutuma nguo kwa boda. Salio kwanza, boda baadaye.

Mama_Cherehani

Jamani asanteni, nimesoma yote mara mbili, nyingine nimewasomea wasichana hapa tukicheka, ile ya bibi harusi hatukucheka.

Narudi baada ya siku kumi kuwaambia nilipofika. Kwanza nilifanya ile ya viatu. Nikachukua kitabu changu cha vipimo, mle kuna majina na namba za watu tangu nihamie hapa, nikaanza kuzisevu. Zilizo hai zilikuwa 143. Nikaweka stetasi ya kwanza, gauni la kitenge cha njano, na bei. Walioona ni watu KUMI NA TISA. Nikadhani simu mbovu, nikakumbuka maneno yenu, wengine wote hawajanisevu. Kwa hiyo nimekuwa nikiwapigia kama mzee wa Mpondwe, mmoja mmoja, nasema ni mama wa cherehani Kansanga niandike kwa simu yako. Nusu yao walianza kuniambia habari za watoto, dakika zangu ziliisha vibaya sana, lakini watatu walisema kumbe bado upo tulidhani umehama. Mmoja wa hao watatu ana kwanjula mwezi ujao, vitenge vya sare vya dada nane. NANE. Huyo alikuwa kwenye kitabu changu miaka mitatu, nimekaa naye tu.

Kijana nilimwita tukaongea. Nilimwambia 300,000 sina, lakini jumamosi moja aje arekodi, nimlipe 30,000 na chakula, Facebook aache, na neno la kwanza kwa video liwe Kansanga. Na nguo isiwe ya mtu ambaye hajakubali. Alinuna kidogo halafu akaja. Kwa TikTok mpaka sasa amekuja mteja mmoja, mwanafunzi, kupunguza suruali, 5,000. Nimeandika kwenye daftari, sidharau.

Ovaloki nimeweka arabuni, mwenyewe amekubali nimalizie kwa mara mbili. Nilipiga hesabu ya nguo ninazopeleka kwa jirani, ni kama 25 kwa wiki, hiyo ni 37,500 kila wiki nampa mtu mwingine nikimsubiri na kumbembeleza. Kwa miezi sita hivi itakuwa imejilipa hata kama hakuna mtu amebonyeza laiki.

Kitu kimoja bado kinanisumbua mnisaidie. Hizi nguo nane za sare, dada wa kwanza ameomba nimtumie picha kila nikimaliza hatua, mwingine naye, sasa wote nane wananiandikia na kila mtu anataka mkono wa aina yake. Niwawekee grupu moja ama nijibu mmoja mmoja?

sindano_na_uzi

Usithubutu grupu!!! Mwambie bibi harusi achague mtu mmoja wa kuongea na wewe, hao wengine saba watume kwake.

mama_brenda_ntinda

Mama, hilo gauni la njano la stetasi ya kwanza ulisema bei lakini hapa hukuiandika. Ni ngapi na lina bitana?

Mama_Cherehani

Kushona ni 70,000 na bitana ndani, kitenge uje nacho, yadi nne zinatosha kama wewe sio mrefu sana. Nakutumia video ya upande wa ndani jioni umeme ukirudi.